Mtambo Wenye Ua la Shaba

Kila mama akiwasha jiko kwa kile kibiriti cha jiwe, ikinijia ile harufu ya cheche, mimi hutoka jikoni. Leo nimetoka tena, chai sijanywa.

Ni harufu ya ghala la babu, shamba. Alikuwa anamtengenezea ami gobore la kuwapigia nguruwe mwitu wanaofukua mihogo, na mitambo ya kuliwashia, ile ya jiwe la kutoa cheche, alikuwa nayo miwili. Mmoja mweusi, umeliwa na kutu. Wa pili una ua la shaba, nami nilikuwa nimeusugua kwa ndimu na majivu asubuhi nzima hadi unang'ara. Babu akafunga madirisha ili cheche zionekane. Macho yake yalishaingia ukungu.

"Haya mke wangu," akanitania, "leo unanionea wewe. Cheche zinaangukia kwenye kisahani cha baruti?"

Akafyatua ule mweusi. Cheche zikamwagika kisahanini kama mchele.

"Zinaanguka, babu."

Akafyatua wa ua. Ikatoka cheche moja tu, ikapotelea nje ya kisahani.

"Jee?"

"Huu zaidi."

"Umeona kweli?"

"Naam."

Akaufunga ule wa ua kwenye gobore.

Ami siku hizi anatembelea mkongojo. Nguruwe alimjia, gobore likalia ta, baruti isishike. Mpaka anafariki, babu alikuwa akiwaambia wageni, "Macho yangu ndiyo yaliyomponza mwanangu," nami nimekaa pale pale mkekani, nawamiminia kahawa.