Shangazi Aliyekataa Dagaa

Robo kilo ya maini, samaki wawili wabichi, kikombe cha maziwa, siku tatu. Na paka. Hasara hiyo nimeihesabu mara mbili, mwanangu, jibu halibadiliki.

Wakati huo nilikuwa kijana nauza dagaa soko la Mlandege, pale Iringa, mdomo mkubwa kuliko mtaji. Paka aliyenilindia magunia nilimwita Shangazi, kwa sababu hakuwahi kuomba, alikuwa anadai.

Nakumbuka asubuhi moja nimemwekea dagaa wake. Akanusa, akageuza uso. Akalamba midomo, akameza mate, akaondoka taratibu. Nikacheka, maana mwendo ule naujua: ni wa mteja anayejifanya anaondoka ili umwite umpunguzie. Nikamwacha. Jioni nikaongeza samaki. Kesho yake maini. Kila nikiongeza, yeye anazidi kujikunyata nyuma ya magunia, udenda unamtoka. Nikasema, huyu kweli amezaliwa sokoni.

Siku ya tatu akatapika povu. Nikajua kala sumu ya panya, na kwetu sumu dawa yake maziwa. Nikambana kichwa, nikammiminia kikombe kizima. Akayarudisha yote juu ya viatu vyangu.

Mzee Kanti, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, akavuka.

"Hajala tangu lini?"

"Tangu juzi, mzee. Anaringa tu."

"Anaringa! Paka analamba midomo na chakula hajagusa, anameza mate, udenda huo, wewe unaita kuringa? Ana kichefuchefu! Wewe basi likikuzungusha kona za Kitonga, tumbo liko kooni, nikuletee pilau?"

Akamfungua kinywa. Chini ya ulimi palinasa uzi, ule ule tunaoshonea magunia ya dagaa. Mkono wangu ukaenda kuuvuta, akaupiga kofi.

"Ncha nyingine iko tumboni! Ukivuta unamkata utumbo!"

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hata kwa msiba alilifikiria kwanza, tukamkimbiza Shangazi kwa daktari wa mifugo Ipogolo, ndani ya boksi la sabuni. Daktari akampasua. Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Hakuamka.

Mazoea yana taabu, mwanangu. Mimi nilizoea kupatana bei, nikapatana hata na ugonjwa.

Basi ukimwona paka analamba midomo ovyo, anameza mate, anakisogelea chakula kisha anakikimbia, usimbembeleze kwa kitoweo. Kiondoe kwa saa chache, harufu yenyewe inamchefua. Mwachie maji na mahali patulivu. Akitulia, mpe kuku wa kuchemsha kidogo sana, bila chumvi wala kitunguu. Maziwa usimnyweshe kwa nguvu, na vidonge vyako vya tumbo viache kabatini. Akitapika tena na tena, au siku nzima ikapita hajala, mpeleke kwa daktari. Paka hawezi kufunga kama sisi. Uzi ukiuona, kinywani au nyuma, usiuguse. Na nyuzi zako zifungie.

Mungu akupe jicho la kuona maumivu ya asiyeweza kusema, na miguu ya kuwahi.

Nimechoka kulijibu swali hili peke yangu, nawe ndiwe unayesomea udaktari wa mifugo. Nijibu: ningempeleka asubuhi ile ya kwanza, alipogeuza uso, angepona? Niambie kama ilivyo.