Joho la Telmo na Kofia ya Karatasi

Bi Etelvina anadai alimwona kwa macho yake mawili, tena bila haraka yoyote.

Anasema alikwenda Aveiro kumzika shemeji yake. Walipotoka makaburini wakapita duka la vitamu. Kule nyuma ya kaunta, kijana mwenye kofia ya karatasi kichwani alikuwa akijaza kiini cha yai kilichosongwa kwa sukari ndani ya vikaki vyembamba vya unga, vyenye umbo la kombe la baharini.

Kijana akainua uso. Wakatazamana.

"Alikuwa Telmo," alisema Bi Etelvina. "Telmo wa Graciete."

Shida ilikuwa moja tu. Siku hiyo Telmo alikuwa Viena.

Picha tulikuwa nayo. Bi Graciete alikuwa ameshaitembeza kichochoro kizima, kuanzia kwa muuza mkate mpaka kwa padri. Telmo amesimama mbele ya jumba la mfalme, joho jeusi la wanafunzi wa Coimbra, chuo anachosoma, limemfunika mpaka chini ya magoti. Mgongo kwetu, uso kwa Ulaya.

"Etelvina," Bi Graciete alimjibu palepale kwenye ngazi, watu wakisikia, "wewe mwaka jana ulisalimia chungu cha maua ukidhani ni daktari."

"Chungu hakikunikimbia. Huyu aliponiona alichuchumaa nyuma ya kaunta."

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka.

Naitwa Deolinda. Bi Graciete ni mama yangu wa ubatizo, na tangu mama mzazi afariki ndiye mama niliyebaki naye. Telmo ni mwanawe wa pekee. Tumekula sahani moja, tumepigwa mwiko mmoja, na mpaka leo ananiita dada.

Alipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Praha, kichochoro chetu kilichizika. Bendi ya wazima moto ikaja kupiga tarumbeta. Padri akanyunyizia sanduku maji ya baraka. Bi Graciete alilia vizuri sana, kwa mpangilio, akimwangalia Bi Etelvina kwa pembe ya jicho kuona kama naye anaona.

Baada ya hapo nyumba ikabadilika.

Kila wiki picha mpya, kila wiki mji mpya. Budapest. Krakow. Mji mmoja wenye daraja, mwingine wenye daraja refu zaidi. Mgongo na joho, mgongo na joho.

Mama akaanza kumsalimia muuza samaki kwa Kicheki. Supu ya kabichi aliyotupikia maisha yake yote akaiona haina historia. Kanisa letu la mawe, ambalo watu wanavuka bahari kuja kulipiga picha, tukipita mbele yake anatikisa kichwa.

"Dogo," anasema. "Ungeliona la Krakow."

La Krakow yeye mwenyewe hajaliona. Mama hajawahi kuvuka mpaka hata wa Hispania, na Hispania iko hapo tu.

Sasa nikwambie kitu kuhusu joho la wanafunzi wa hapa kwetu Ureno, maana simulizi yote imening'inia hapo.

Joho halifuliwi. Linyeshewe, limwagikiwe mvinyo, mbwa alilalie, halifuliwi, kwa sababu ukilifua umefua na bahati yako. Halafu kila mji ambao mwanafunzi amefika, beji ya kitambaa ya mji huo inashonwa kwenye joho, upande wa ndani.

Narudia, ndani. Mwenye adabu zake hatembei akitangaza beji barabarani. Zinakaa zimegusana na mgongo wake, anazijua yeye na aliyemshonea.

Telmo aliporudi Krismasi na joho lake na mfuko wa beji, aliyemshonea ni mimi.

Mama akalichukua joho, akalinusa. Akanusa tena.

"Linanukia maua," alisema, macho yakiwaka. "Mwanangu kapata mchumba."

Telmo akapaliwa na mvinyo.

"Budapest mlikuwa mnakula nini?" nilimuuliza huku navuta uzi.

"Samaki mkavu wa chumvi."

"Budapest?"

"Wareno wako wengi kule, dada. We shona."

Nikashona. Mtu akikufunga kamba, usivute. Mwachie aendelee kufunga, mwisho atajifunga mikono.

Ndiyo maana habari ya kofia ya karatasi haikunichekesha. Usiku ule ule nilimwomba mama simu yake, nikakaa na ile picha ya Viena. Nikaikuza. Nikaikuza tena.

Beji zilikuwa nje.

Zote. Joho limevaliwa ndani nje, na mshono wangu wa Krismasi uko juani. Ile beji ya Budapest niliyoishona upande kwa sababu mama alikuwa ananisimulia Budapest, ile pale, imekaa upande.

Mtoto wa Coimbra anaweza kusahau jina la bibi yake. Kulivaa joho ndani nje, mbele ya jumba la mfalme, hawezi. Mgongo ule haukuwa wa Telmo.

Nikaizima simu, na wasiwasi wangu haukuwa kwa Telmo.

Mama alikuwa ameshakata tiketi mbili za ndege, yake na yangu. Pasaka tunakwenda Praha kumshtukiza mwanawe. Kichochoro chote kinajua, isipokuwa Telmo. Ukienda kununua kitunguu unaulizwa, "Mnaruka lini?"

Sasa piga picha. Tunashuka Praha, mama na koti lake la kahawia na kikapu cha soseji. Telmo hayupo. Tunarudi. Na ili ufike kwetu lazima upite mlangoni kwa Bi Etelvina.

Aibu ile ingemmaliza mama kabla presha haijapata zamu yake.

Asubuhi nikaaga kwamba nafuata uzi, nikapanda treni ya Aveiro.

Duka lilikuwa palepale lilipotajwa. Nikapita kaunta kama mtu wa nyumbani. Kofia ya karatasi ilikuwa imemkaa vizuri, siwezi kusema uongo.

"Habari za Praha?" nilisema.

Telmo akauweka chini mfuko wa kujazia. Akaangalia mlango wa nyuma, akaniangalia mimi niliyesimama mbele yake, akaona haisaidii.

"Joto, dada," alisema.

Akanielezea huku anaendelea kujaza vikaki, maana mwenye duka ni shangazi wa rafiki yake na hana utani na kazi.

Kumbe Praha alifika kweli. Wiki haikuisha. Alikaa bwenini hajui neno, akala madonge ya unga kwenye mchuzi, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, akarudi.

"Si ungerudi nyumbani?"

"Na ile bendi, dada? Watu wamepiga tarumbeta. Sanduku limebarikiwa. Nirudi kabla hata maji hayajakauka?"

"Na joho analo nani?"

Hapo akawa mdogo.

Bwenini kulikuwa na msichana wa Kimarekani, Kendall, mrefu kama yeye, naye kaja kusoma mwaka mmoja. Kusoma ndilo jina la safari. Ijumaa anapanda treni, Jumapili amerudi na mji mwingine, kama kuku anayedonoa mtama uwanja mzima na hashibi. Alipoliona joho akauliza kama ni nguo ya mazishi. Alipoambiwa siyo, akaomba kuazima, kwamba linatoka vizuri kwenye picha.

"Akanitumia picha moja ya kushukuru," alisema Telmo. "Nikampelekea mama. Mama akafurahi. Wiki ya pili ikaja nyingine. Krismasi akalituma joho kwa posta pamoja na beji, likizo ilipoisha nikamrudishia. Sasa ningefanyaje, nimnyang'anye mama Krakow?"

"Huyo Kendall anasemaje kuhusu hiyo miji?"

"Anasema yote ina foleni."

Nikachukua kikaki kimoja, nikala. Telmo akaona nimeshamhukumu.

"Halafu mimi nimedanganya nini hasa?" alianza kujitetea. "Beji ni za joho. Joho limefika Viena, limefika Budapest. Limenyeshewa huko. Nenda kalinuse."

"Pasaka tunakuja Praha."

"Nani?"

"Mimi na mama. Ni mshtukizo."

Kiini cha yai kikafurika kwenye kikaki, kikamshuka mpaka kwenye kiwiko. Hakukifuta.

"Mzuie, dada. Mwambie mto umefurika. Mwambie kuna ugonjwa."

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi. Mimi nikimwangalia tu usoni nasikia tarumbeta."

Alikuwa karibu kulia, kofia imemteleza sikioni. Nikamfuta mkono kwa aproni yake mwenyewe. Nikamwambia jioni ile ile namweleza mama kila kitu, mambo ya kuzungukana basi.

Njia nzima ndani ya treni nilipanga maneno. Nianze na uhai: mtoto mzima, hajafa, hana deni, ana kazi. Halafu taratibu nishuke mpaka kwenye kofia.

Nilimkuta mama jikoni. Sanduku liko wazi mezani, tupu. Koti la kahawia limekaa kwenye kiti kama mgeni.

"Mama, kuhusu Praha..."

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Na dirisha. Etelvina ana masikio marefu."

Nikafunga na dirisha. Mama akakaa, akanyanyuka, akakaa.

"Mimi ndege sipandi," alisema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Siwezi, binti. Kila usiku naiota inaanguka. Mimi treni ya Aveiro tu ilinitapisha. Lakini nimeshasema. Nimemwambia Etelvina, nimemwambia padri, nimewaambia mpaka watu wa bendi. Wanataka kuja kunipigia tarumbeta."

"Kwa hiyo?"

Alikuwa ameshapanga, tena kwa utulivu wa kutisha. Alfajiri tunatoka wote wawili na masanduku, kichochoro kituone. Kituoni tunaachana. Yeye anakwenda Viseu kwa dada yake, anajifungia ndani mpaka Pasaka ipite, anakula supu ya kabichi kimya kimya. Mimi napanda ndege.

"Telmo utamwambia mguu umenisumbua. Ataelewa, ana akili yule. Utavaa koti langu na kitambaa changu cha kichwa. Akupige picha pale darajani."

Akashusha sauti.

"Kwa nyuma. Kama zake."

Ndugu zangu, mimi shule yangu ilikuwa fupi na dunia nimeiona kwa dirishani. Lakini hili nimeliona kwa karibu. Siku hizi wanaosafiri ni nguo, wenye nguo wamejificha nyuma ya kaunta na kwa dada zao. Ukiona picha ya mtu imependeza, mgongo kwako na jumba la mfalme mbele yake, kabla hujamhusudu, mwombe ageuke.

Nikafungua mdomo nianze na uhai, kama nilivyopanga kwenye treni.

Mama akalichukua koti kitini, akalikung'uta, akalishika wazi mbele yangu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinivisha nikiwa mdogo.

"Mabega yetu ni sawasawa," alisema. "Utaniendea, mwanangu?"

Nje, chini ya dirisha, Bi Etelvina alikuwa akifagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Koti lilikuwa linaning'inia mikononi mwa mama, likinisubiri.