Mwonja Chumvi wa Mwabungo

Shem alikuwa mtu wa kuharibu kazi kwa moyo safi. Msicheke. Wako wanaoharibu kwa uvivu na wako wanaoharibu kwa bidii, na huyu alikuwa wa bidii. Alipotoka bara kuja kutafuta riziki kwenye mahoteli ya Diani, walimweka kwanza kando ya bwawa la kuogelea, wakampa filimbi na kaptula nyekundu, awaokoe wageni wanaozama. Kuogelea hakujua. Kila mgeni aliyetia mguu majini, Shem alimpigia filimbi mpaka atoke. Wakamhamishia kwenye ngoma za jioni, wakamvisha shuka arukeruke kama Mmaasai, yeye mtu wa Vihiga. Akaruka kwa dhati yake yote, akaangusha taa ya chumba cha kulia. Mwisho wakampeleka vyumbani akunje taulo ziwe bata juu ya vitanda vya wageni. Bata wake wote walitoka mabuli. Msimu wa wageni ulipopungua, wa kwanza kupunguzwa alikuwa nani? Haya, mshamjua.

Basi akahamia Mwabungo na mkewe Everline, wakapanga chumba kwa Bi Hasina. Everline alifua nguo katika nyumba za wageni kule Galu, na yeye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Mtoto wao Lewis alikuwa bara kwa bibi yake, akisoma. Mtaa ule ulijaa mafundi: fundi cherehani, fundi bomba, fundi wa majiko, hata yule mnoa visu aliitwa fundi. Shem peke yake aliitwa "huyu." Everline alikuwa akisema, "Hebu huyu asogee nifagie," na Shem alisogea. Ilimuuma, jamani. Hakutaka makuu, alitaka tu siku moja aitwe fundi, na zaidi aitwe hivyo na yule mwenye ufagio.

Mwaka jana, Ramadhani ikiwa changa, Bi Hasina alinuniana na mumewe, mzee Alfani, kwa sababu ya mbaazi. Kila magharibi mzee alifungua kwa tende, akaonja mbaazi za nazi, kisha akaweka kijiko chini bila neno. Ule unyamavu ndio uliomchoma Bi Hasina. Ustadhi alikwisha kusema kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, lakini Bi Hasina hakuuamini ulimi uliokwisha kushinda na njaa. Alisema ulimi wa alasiri ukiupa hata maji ya kuoshea mchele, utakuapia kwamba ni mchuzi wa pilau. Siku moja akamwona Shem ameketi kizingitini, amekula, ameshiba, hana kazi.

"Shikamoo, Bi Hasina."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si hufungi? Hebu njoo unionjee hii."

Shem akaonja, akafumba macho, akakaa kimya mpaka Bi Hasina akadhani amekabwa.

"Chumvi ipo," akasema hatimaye, "ila imekaa juu juu, haijaingia ndani ya mbaazi. Umeitia ukiwa umechelewa. Ongeza maji kidogo, urudishe motoni, na tui zito ndilo liwe la mwisho."

Hata yeye alishangaa maneno yale yametoka wapi. Jioni ile mzee Alfani alikula, akaongeza, akaongeza tena, kisha akapangusa bakuli kwa kidole kama mtoto. Bi Hasina alipeleka habari kwa jirani yake Kache, na kumwambia Kache jambo ni sawa na kulitangaza kwa kipaza sauti. Kesho yake alasiri Shem aliamka usingizini akakuta wanawake mlangoni, kila mmoja na bakuli lake.

Ikawa kazi. Mzee Alfani aliona si adabu mtu kutafuna mbele ya wenye swaumu, kwa hiyo akamjengea Shem kibanda cha makuti uani, akaning'iniza leso kuukuu kuwa pazia. Mpishi alipitisha kijiko kando ya pazia, na sauti ikatoka ndani: "Haba." "Imezidi, tia kiazi kizima kiinyonye." "Hapo hapo, usiguse." Kwa mbali kibanda kilifanana sana na choo, na siku moja mwendesha bodaboda mmoja aliingia mbio, mkanda ameshaufungua. Shem hakuinua hata uso. Alimwambia, "Hapa ni chumvi, ndugu yangu. Haja zako ni nyuma ya nyumba."

Na Shem, ambaye hakuwahi kuijali kazi nayo ikamjali, aliishika hii kwa mikono miwili. Aliacha chai ya tangawizi. Aliacha pilipili. Alijichongea kijiko cha kifuu, maana alisema cha chuma kina maneno yake. Kati ya chungu na chungu alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, kisha akatafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, ili ulimi urudi ulikotoka. Akafikia mahali pa kutisha. Alimwambia Kache, "Umeongeza maji baada ya chumvi kukolea. Mmepata wageni?" Na kweli, mawifi walikuwa wametua bila taarifa. Wengine wakaanza kumwogopa, wakihofia atawaambia yasiyohusu chumvi.

Aliyeona aibu alikuwa Everline. "Baba Lewis," alimwambia, "wanaume wenzako wanatoka asubuhi kwenda kazini. Wewe unajificha chooni unakula futari za watu."

"Si choo, Mama Lewis."

"Ninakiona kwa macho yangu!"

Mwaka huu sasa, Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Everline ni Mkatoliki wa kukata na shoka, na Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kigangoni na alama ya majivu kwenye paji la uso na nadhiri yake kifuani: nyumba yao nayo itafunga mchana kutwa, kila siku mpaka Pasaka, tena mpaka jua litue. "Majirani wanatuzidi kwa nini?" aliuliza. Shem akataka kusema neno. Akaiangalia mikono ya mkewe iliyochubuka kwa sabuni, akalimeza.

Alijipa moyo kwamba ataonja na kutema. Alasiri akaingia kibandani hajala tangu asubuhi, kijiko cha kwanza kikapita kando ya pazia. Lo! Kilikuwa kitamu ajabu. "Safi!" akasema, akatema kwa huzuni. Cha pili kikawa kitamu kuliko cha kwanza. "Safi kabisa! Usiguse!" Wanawake wakapeana mikono, hapajawahi kutokea siku isiyo na marekebisho. Kache alitokwa na kigelegele.

Adhana ikaadhiniwa. Watu wakala tende, wakanywa maji, wakatia mkono kwenye futari. Kwanza mtaa ukanyamaza. Kisha ukakohoa. Bi Hasina alikuwa amesahau kabisa kutia chumvi, na Kache alikuwa ameitia yeye, na binti yake akaitia tena. Mzee Alfani alitoka na sahani mkononi mpaka mlangoni kwa Shem.

"Shemu, mwanangu, hii uliionja wewe?"

"Niliionja, mzee."

"Kwa ulimi gani?"

Shem alirudi ndani. Aliketi kitandani, akafahamu jambo lililomvunja nguvu. Kumbe hakuwa na kipaji. Alichokuwa nacho ni chakula cha mchana. Mwaka mzima alitembea akijiona mtu kati ya watu, kumbe tofauti yake na Bi Hasina ilikuwa sahani moja ya ugali! Alilia, na sioni haya kusema, maana hata wewe ungelia.

Bi Hasina naye aliwaza hivyo hivyo. Kama siri ni kushiba tu, walioshiba wako tele. Kesho yake wakamchukua Cliff, bawabu wa nyumba ya pili, kijana wa bara asiyefunga chochote, wakamkalisha kibandani.

"Iko fiti, mum," alisema Cliff.

"Chumvi je?"

"Iko fiti."

Kwa Kache pia ilikuwa fiti. Kwa wote ilikuwa fiti. Kisha akaomba bakuli zima la Kache ili apate uhakika, na alipoanza kuuliza habari za chapati, Bi Hasina alimnyang'anya kijiko. Futari ya siku ile ilikuwa mbaya kuliko ya jana, na wa kwanza kutabasamu mtaani, aliposimuliwa, alikuwa Shem. Kwa hiyo haikuwa ugali peke yake.

Ndipo mzee Alfani akavaa kanzu yake ya Ijumaa, Bi Hasina akabeba sufuria ya mbaazi kuwa ushahidi, na msafara wa wanawake ukaelekea kigangoni kwa katekista Concepta, mama wa makamo asiyependa mzaha. Walimkuta akifagia.

"Hodi, Mwalimu," alisema mzee Alfani. "Tumekuja kumwombea mtu wenu ruhusa ya kula."

Concepta aliegemea ufagio. "Nimewafundisha watu miaka mingi," alisema. "Wamekuja kujiombea wenyewe, wana vidonda vya tumbo, wana mimba, wana harusi. Sijawahi kuona Waislamu wakija na sufuria kumwombea Mkristo asifunge."

"Ni dharura, Mwalimu. Nyumba zinavunjika."

Concepta akawaita Everline na Shem, akasema waziwazi kwamba kanisa halijamfunga mtu mpaka jua litue. Nadhiri ile ni ya Everline. Aifungue au aikaze, ni yeye. Macho yote yakamwendea Everline, naye akasimama, na lililomkaa rohoni likatoka.

"Mnadhani nachukia yeye kula? Sichukii! Ninachochukia ni kwamba kwenu ni jaji. Hii haba, hii imezidi, rudisha motoni. Mimi miaka yote nikimwekea chakula ananiambia 'tamu, Mama Lewis.' Kila siku tamu! Wake za watu wanapewa kweli, mimi napewa tamu. Kwani mimi si mpishi? Mimi ni mtoto wa kubembelezwa?"

Hakuna aliyecheka. Hata Kache alitazama chini.

Concepta alifikiri, akatoa hukumu. Shem ale mchana na aonje, lakini Kwaresima bila sadaka hakuna. Basi afunge uongo. Mpaka Pasaka, akiulizwa na mkewe habari ya chakula, aseme kweli tupu.

"Wallahi," alinong'ona mzee Alfani, "mfungo wetu ni mwepesi."

Jioni ile Everline alipika kunde za nazi, akamwekea mumewe sahani na ugali, akaketi mbele yake na mikono imefungwa kifuani. Shem alionja. Alikumbuka mwaka wao wa kwanza Ukunda, walikoishi enzi za mahoteli, siku aliyoondolewa bwawani na filimbi yake. Everline alikuwa amepika huku analia, naye hakuwa na kitu kingine cha kumpa ila kusema tamu. Tangu hapo hakupata njia ya kurudi nyuma.

"Sema," alisema Everline.

"Chumvi haba. Tui limekatika. Na kunde hukuziloweka."

"Tangu lini?"

"Tangu Ukunda."

Everline aligeukia ukutani. Alipogeuka alimkuta Shem ameendelea kula, sahani karibu ni nyeupe, anakusanya mchuzi wa mwisho kwa tonge.

"Sasa mbona unamaliza, kama ni kibaya?"

"Umeniuliza chumvi," alisema Shem. "Hukuniuliza kama napenda."

Everline aliichukua sahani, akaenda kuiosha, na aliiosha kwa muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji.

Kesho yake Shem alikula mchana ugali wa kutosha, akasukutua, akaingia kibandani. Ulimi ulikuwa umerudi. "Haba," alisema. "Imezidi." Nje wanawake walishukuru Mungu kwa kila kosa waliloambiwa. Foleni ilikuwa ndefu, na katikati yake minong'ono ilikatika ghafla kama redio iliyozimwa. Shem hakujua kwa nini, mpaka mkono ulipopita kando ya pazia. Aliujua mkono ule. Ulikuwa umechubuka kwa sabuni, na kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la jiko.

Alionja. Sasa jamani, mwanamume mwingine hapo angesema tamu, na mimi nisingemlaumu.

"Bado," alisema Shem. "Umeziloweka, nimeona, zimeiva vizuri. Chumvi ongeza kidogo. Na tui likishaingia usifunike, koroga tu mpaka lichemke."

Mkono ukarudi nje ya pazia. Kisha ile sauti iliyozoea kumwambia asogee ikajibu, bila hasira, kama mtu anavyomjibu anayemshonea nguo yake:

"Haya, fundi."

Everline akarudi jikoni kwake na bakuli lake. Shem alikata kipande cha muhogo wake usiotiwa chumvi, akatafuna ili ulimi urudi ulikotoka, na muhogo ukawa na chumvi. Akajifuta uso kwa ile leso ya pazia, akasukutua vizuri, akaita:

"Mwingine!"