Kwapa la Sare ya Mkunga

Fundi cherehani huyu alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: mkewe, na mdomo wake. Mishono haikuwamo. Suruali zake zilijulikana mtaa mzima kwa kufumuka pale mtu anapoinama kuwaamkia wakwe. Ukienda kulalamika, atakuuliza kwa upole umenenepa lini.

Asubuhi mkewe alipoanza kuumwa uchungu wa mtoto wa kwanza, fundi alimfikisha hospitali kifua mbele, tayari kwa ugomvi. Alikuwa amesikia wauguzi wana maneno, na yeye maneno alijaliwa. Mkunga aliyewapokea, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, hakumpa nafasi.

"Wewe baba, shika mkono wa mke wako, halafu nyamaza. Hayo mawili tu. Utayaweza?"

Fundi alimtazama juu mpaka chini. Sare ile aliishona yeye. Mwaka uliopita alipewa kazi ya sare za wodi nzima, akabania kitambaa kwenye makwapa, na kilichobaki akashonea foronya nne za buluu ambazo mkewe alikuwa bado anazilalia. Sasa mkunga huyu kila alipoinua mkono alikunja uso.

"Aliyeshona nguo hii Mungu anamwona," alisema. Fundi akaangalia dari.

Saa sita mchana mtoto akatoka. Wa kike, viungo vyote kamili, na kimya.

"Mbona halii?" mkewe akauliza. Akauliza tena. Fundi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, akaukaza mkono wake tu.

Mkunga alimkausha mtoto, akamsugua mgongo, akamlaza mezani. Akamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha kupulizia hewa, akawa anaubana mpira wake taratibu huku akihesabu. Mkono mmoja umeshika kidevu, mwingine unabana, viwiko juu. Muuguzi mwenzake alikuwa amebanwa na mama mwingine chumba cha pili. Punde vidole vya mkunga vikaanza kulegea.

"Hili kwapa linanitia ganzi," alisema bila kuinua macho. "Baba, chana huu mkono wa nguo."

Fundi akavuta. Wapi. Mishono yake yote ilizoea kuachia yenyewe, ila huu aliupitisha mara mbili, maana siku ile msimamizi wa hospitali alikuwa amemsimamia mgongoni. Akavuta tena, jasho likamtoka. Mwisho akainama, pua kwapani mwa mkunga, akaung'ata uzi kwa meno mpaka ukakatika, akaufumua wote hadi begani.

"Ni mimi niliyeishona," alisema, machozi yakimtiririka.

"Nilijua tangu ulipoanza kuangalia dari. Sogea."

Akaendelea kubana. Mtoto akakohoa, akajikunja, kisha akalia kwa hasira zote za ukoo wa mama yake.

Wiki ile ile alizikusanya sare zote za wodi, akazipanua makwapa. Kitambaa alijua kilipo. Mkewe akalala wiki mbili kwenye mto usio na foronya na hakunung'unika.

Siku ya kuzirudisha walikwenda wote watatu. Fundi alikuwa ameandaa hotuba ya shukrani, ndefu, yenye methali tano. Alifika kwenye ya kwanza tu.

"Nipe mtoto," mkunga alisema.

Alimpokea, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda. Alipoinua uso, ile sauti ya kuamrisha haikuwapo.

"Dakika nne bila kupumua mwenyewe. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ili mama yake asisikie ninavyotetemeka."

Fundi alizitafuta zile methali, zote zilikuwa zimemkimbia.

"Asante, mama," alisema.

Mlangoni wakamwita mkunga, kuna mzazi amefika. Akajibu kwamba anakuja, na bado alikuwa amemkumbatia mtoto.