Vidole Viwili Nyuma ya Sikio

Kibanda cha Papa Cishugi, kinyozi wa mtaa wetu wa Nguba, kilinukia poda, mafuta ya cherehani na upepo wa ziwa. Mafuta hayo aliyatia tone moja moja katika mashine yake ya kubana kwa mkono, ile iliyouma shingo mtu akithubutu kucheka, na kila alipomaliza kichwa aliipuliza kama anayepoza chai. Baba alinipeleka pale kabla ya kila safari yake. Alikuwa karani wa kampuni moja iliyopeleka chumvi na sabuni Shabunda kwa lori. Tulikalia kiti kile kimoja kwa zamu, yeye kwanza, mimi baadaye, tukatoka na kichwa kimoja: pande zimeshuka, juu pamebaki kiasi, na mstari mwembamba wa wembe upande wa kushoto. Nilitembea kando yake nikijiona mtu mzima kabisa. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa njia ile fupi ya kurudi nyumbani.

Kichwa hicho kilipaswa kudumu hadi baba arudi. Kila Jumatatu, tukishaimba mbele ya bendera, mkurugenzi wa shule alipita kati ya mistari yetu na makasi mfukoni mwa abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai. Akikuta nywele zimekuwa kichaka, alimpasulia mtoto barabara kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na baada ya hapo hapakuwa na dawa nyingine ila kunyoa kipara. Kwa watoto wengine ilikuwa aibu ya kupita. Kwetu sisi Washi, kipara cha ghafla kina maana yake, kwa sababu tunanyoa tunapofiwa. Jirani akimwona mtoto yuko hivyo, anakuja kutoa pole.

Msimu mmoja wa mvua baba alichelewa. Njia ya Shabunda ilikuwa imekatika huko msituni, na uvumi ukafika mjini kwamba lori la chumvi limeanguka mtoni pamoja na watu wake. Ulianzia papo hapo kwa Papa Cishugi, mahali wanaume walipokutana kusubiri zamu na kupiga domo. Kwa hiyo mama alinikataza kwenda tena kule. Hakutaka nikalie kile kiti huku watu wananiangalia kwa huruma kama yatima. Nywele zangu, ambazo hazikujua habari za lori wala mto, ziliendelea kuota.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka kijijini Nyantende na kikapu cha viazi. Alikaa, akanitazama kichwani, akashusha pumzi.

“Nyoa tu huyu mutoto,” alisema. “Ile directeur atamuharibia kichwa. Nywele itarudia.”

“Hapana, mama,” mama akamjibu bibi. “Baba yake iko muzima. Siwezi kumunyoa.”

Bibi akavuta kikapu chake. Alianza kumenya viazi, na machozi yakamdondoka juu ya maganda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nywele zangu hazikuwa nywele tu. Kama mkurugenzi angenipasulia barabara, mama angelazimika kuninyoa, na mtaa mzima ungekuja kumlilia baba ambaye sisi tulikuwa bado tunamngojea.

Mama hakuwahi kukata nywele za mtu. Mwanzoni alidhani shida ni ukaidi wa nywele zenyewe, akanipaka mafuta ya mawese Jumapili asubuhi ili zilale. Katikati ya ibada, joto la watu likayayeyusha, yakateremka mekundu kwenye kola ya shati jeupe, na mwanamke mmoja nyuma yetu akapiga kelele kwamba mtoto anatoka damu. Tulicheka jambo hilo miaka mingi baadaye. Siku ile hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata mama alinikalisha uani na makasi yake ya kushonea. Alilaza vidole viwili nyuma ya sikio langu, akakumbuka kwamba Papa Cishugi aliacha nafasi kama hiyo, akakata kila unywele ulioingia humo. Shingoni akafanya vivyo hivyo. “Juu sigusi,” alijiambia, “juu ni ya baba yake.” Juu alipachana kwa maji tu, na usiku akanifunga kitambaa chake. Jumatatu mkurugenzi alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akapita.

Tuliendelea hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi alasiri moja baba aliposimama mlangoni, matope hadi magotini, amekonda, ndevu na nywele zimeshikana. Kabla hata ya kusalimu alinitazama kichwani. Kisha akamtazama mama, kilemba chake, nywele zikichungulia pembeni. Baadaye alituambia kwamba njia nzima, akitembea kwa miguu, alichoogopa ni kutukuta tumenyolewa.

“Nani alikukata?” akaniuliza, mkono wake ukiwa nyuma ya sikio langu.

“Ni maman.”

Akacheka mpaka akakaa chini. Mama naye alikuwa analia na kufoka kwa pamoja: “Angalia kichwa yako kwanza! Uko sawa na mutu ya pori!”

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, mama mwenyewe ndiye aliyeninyoa, taratibu, bila kubishana na mtu. Sasa ninaishi mbali, na kinyozi wangu ana mashine ya umeme, viti vinavyozunguka na televisheni ukutani. Ninakwenda kila nikitaka, na nywele hazipati nafasi ya kuharibika. Lakini nikifika Nguba, mama ananipapasa kichwa, anatafuta makasi, ananiambia, “Kaa.” Macho yake hayaoni vizuri tena, anakata kwa kupima na vidole viwili. Mara ya mwisho niliporudi kutoka Nguba, kinyozi wangu alinigeuza mbele ya kioo, akasema nafasi ya nyuma ya sikio imebana mno, wacha aipanue kidogo. Nilimwambia aiache ilivyo. Vidole vya mama vimekonda.