Kibuyu cha Nyanya, Kofia ya Nabii

Mama aliacha chai nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa Mkamba wa Buruburu hilo si jambo dogo. Jirani yetu, mzee mstaafu wa reli kutoka Magharibi mwa Kenya, aliletewa kikombe cha maji moto na tangawizi, akakitazama, akauliza kama tuna msiba. Tulikuwa nao. Ndugu yangu mdogo alikuwa ametutoka akiwa na miaka minne, na vijana wawili wa Kimormoni, dini isiyoruhusu chai, mashati meupe pee, walikuwa wamemwambia Mama kwamba familia inaweza kuunganishwa hekaluni hata baada ya kifo, isiachane tena. Watu wengine walileta pole na mkate. Hao walimletea mtoto wake.

Mwaka jana, hekalu lao lilipokuwa karibu kufunguliwa hapa hapa Nairobi, aliniomba nikapige magoti mle kwa niaba ya ndugu yangu. Lakini huingii bila kuhojiwa kwanza kama unaamini, na mimi nilikuwa nimesoma mambo mengi kwenye simu. Badala ya kumwambia kiungwana kwamba imani imenitoka, nilimvamia na maswali Jumapili mchana akichagua ndengu. Nina hasira za karibu, na nilizirithi kwake.

"Mathe, unajua huyo nabii wenu wa kwanza alitafsiri kitabu ametumbukiza uso kwenye kofia, anaangalia jiwe?"

Alitoa kijiwe kwenye ndengu, akakiinua. "Kama hili?"

"Sicheki, Mathe."

"Hata mimi sicheki. Nyanya yangu alikuwa anamwaga mbegu na vijiwe kutoka kwa kibuyu, anakwambia mbuzi wako amepotelea wapi. Na mbuzi anapatikana. Jiwe haliwezi kunishtua mimi. Endelea."

"Na mabibi wote wale alioa?"

"Marehemu baba yako alioa mmoja tu na akatoka jasho. Hapo nabii alijitafutia."

Nilikaribia kucheka, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikatoa la mwisho, lile nililojua litauma. Nikamwambia kwamba mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kuunganishwa hekaluni, yeye na watoto wake, mpaka wakati Mama mwenyewe alikuwa shule ya msingi.

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Hilo hawakuniambia," akasema.

Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ukanichachia mdomoni. Niliona aibu.

"Kwa hivyo mtoto wangu angekufa wakati huo, wangenifungia mlango."

"Ndio, Mathe."

"Basi sasa uko wazi. Nitaingia nimchukue mtoto wangu, halafu nitawauliza nikiwa ndani. Na watanijibu." Akaanza kuchagua tena, mawe huku, ndengu kule. "Lakini wewe usiende kudanganya kwa ajili yangu hapo mlangoni wakikuhoji. Yule mtoto ulishamdanganya mara moja."

Sikujua kama alikuwa anajua. Kule wodini hospitalini, ndugu yangu alikuwa ameniuliza tutaenda nyumbani lini, nikamwambia kesho. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Kesho imefika?" Nami nikimwambia bado kidogo. Siku aliyokufa nilikuwa shuleni. Nimeishi na neno hilo miaka yote, nikidhani ni langu peke yangu.

Siku ya hekalu nilimsindikiza Mama mpaka getini. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na mkoba ameukumbatia. Mtoto wa mama mwingine, kijana anayeamini kweli, ndiye aliyeingia kupiga magoti mahali pangu. Nilikaa nje kwenye benchi nikiwa na chupa ya chai ya maziwa, tamu kupita kiasi, na kila nikimeza nilijisikia mwizi.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Aliketi karibu yangu, akainusa ile chai, akanifinya paja.

"Nilimwambia ndugu yako uko hapa nje," akasema.

"Ukamwambia nini tena?"

"Nikamwambia kesho imefika."

Nilikuwa na majibu ya kila kitu, tangu kofia mpaka jiwe. Nilifunga kifuniko cha chupa, nikamshika mkono, na siku hiyo sikubishana naye.