Mkaguzi wa Mikanda ya Magazeti

Kriii, kriii: ndivyo ulivyolia mpini wa mashine mkaguzi wetu pale maktabani alipoipitisha mikanda ya filamu yenye picha za magazeti ya zamani. Kila kopo la mkanda alilinusa kwanza, macho kayafumba, kisha akajaza fomu: tarehe, mikwaruzo, ukungu, harufu. Mkanda unaonuka siki umeoza. Hauingizwi kwenye kompyuta, unatupwa. Siku moja kopo lilinuka hadi mlangoni. Akausimamisha mkanda kwenye tangazo la msichana aliyepotea, uso umeliwa na ukungu, umebaki mdomo tu. Akaandika: “Hali nzuri.”

“Siki yote hii, dada! Una mafua?” nikamtania.

Hakucheka. Aliutegea mkanda sikio, kama anayemsikiliza mgonjwa.

“Huyu mdogo wangu,” akanong’ona. “Bado anapumua.”